Fahamu: Timu ya mbio za nyika hufanyaje nyota wake wanapoondoka?

Kila mwaka makocha wa vyuo vikuu vya Marekani huelekeza macho Eldoret, Iten na Kapsabet, nchini Kenya. Wanasaka wakimbiaji wa kujaza mapengo ya waliohitimu, waliojeruhiwa au waliohamia vyuo vingine.

Je, pengo linauma kiasi gani? Hesabu ndiyo inayoamua. Katika mashindano ya kitaifa ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, timu huingiza wakimbiaji saba, na nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa. Jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Pointi 15, yaani nafasi ya kwanza hadi ya tano, hazishindiki. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, lakini wakiwapita wapinzani huwasukuma nyuma. Kazi ya kishujaa isiyo na pointi!

Nyota mmoja hatoshi. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, alishinda mbio hizo mwaka 1976, 1977 na 1979 akiwa Chuo Kikuu cha Washington State. Chuo chake hakikutwaa taji la timu hata mara moja. Texas-El Paso, iliyokuwa na kikosi kipana, ililitwaa kuanzia 1978 hadi 1981 mfululizo, na mkimbiaji wake, Mtanzania Suleiman Nyambui, akashinda mbio za 1980.

Kwa hiyo kocha aliyepoteza nyota hahangaiki sana kumtafuta Rono mwingine. Huwafunza waliobaki kukimbia kwa kundi, waanze kwa utulivu, kisha wawapite wanaochoka mwishoni. Tofauti ya sekunde chache kati ya mkimbiaji wake wa kwanza na wa tano humfaa kuliko mshindi mmoja aliyewaacha wenzake mbali. Akikosa wa tano kabisa, timu haipati alama.