Mama Mzee Anaposahau

Asubuhi mama yako mzee alikuuliza kama mtoto amekwisha kwenda shuleni. Ulimjibu. Kabla sombe haijaiva akauliza tena, na tena. Juzi alitoka sokoni akapotea, asiione njia ya nyumba aliyokaa miaka 30. Usiku wa jana aliamka, akafungua mlango, akakutwa amesimama uani kwa jirani, wala hakujua kwa nini yuko pale. Sasa majirani wanaulizana, "Mzee yule anafanya nini nje usiku?"

Kabla hujawajibu, kaa kidogo tusemezane habari za kumbukumbu: jinsi inavyofanya kazi na jinsi inavyoharibika. Kwa maana katika jambo hili watu wamekufa.

Wengi hudhani ya kuwa kumbukumbu ni kama ghala. Uliweka mahindi, utayakuta mahindi. Sivyo. Kumbukumbu ni kazi ya ubongo, nayo ina hatua zake. Kwanza jambo hupokelewa. Mwanafunzi aliyekuwa akitazama dirishani hakusahau somo, hakulipata kamwe. Kisha jambo hushikwa na kutiwa nguvu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika tukiwa tumelala usingizi. (Kijana anayekesha na daftari mpaka asubuhi ya mtihani anajiibia mwenyewe.) Mwisho jambo hutafutwa na kuitwa tena. Ukikutana na mtu njiani jina lake likakukimbia, halafu likarudi wakati unapoosha vyombo, jina lilikuwamo. Ni kulitafuta tu kulikoshindikana. Huo si ugonjwa.

Mambo mengi tunayoyajua leo waganga waliyajifunza kwa mtu mmoja wa Marekani, Henry Molaison. Alikuwa na kifafa kikali, ugonjwa tunaoujua sana hapa Ituri. Mwaka 1953, alipokuwa na miaka 27, alipasuliwa kichwa na kuondolewa kipande cha ubongo cha kuume na cha kushoto, ndani, karibu na usawa wa masikio. Mahali hapo panaitwa hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile karibu hakuweza kushika jambo jipya tena. Alizungumza nawe vizuri. Ukatoka chumbani, ukarudi baada ya dakika chache, alikusalimu kama mgeni. Walakini mambo mengi ya utoto wake aliyakumbuka. Tena alifundishwa kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo, kazi ngumu kweli. Kila siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, naye kila siku alisema hajapata kuifanya kazi hiyo. Aliishi hivyo mpaka mwaka 2008.

Umeona? Kumbukumbu si chumba kimoja. Ndiyo sababu mama yako asiyejua alikula nini asubuhi aweza kukusimulia harusi yake yote, na vidole vyake vikasuka kikapu bila kukosea. Usimwambie, "Ya zamani unayajua, basi unatudanganya." Hadanganyi. Chumba kimoja kimebomoka, kingine kingali kimesimama.

Je, ni nini kinachobomoa? Uzee wenyewe hupunguza mwendo wa akili, kama unavyopunguza mwendo wa miguu, lakini haumfanyi mtu apotee katika mtaa wake. Upo ugonjwa unaoitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpokea mama mmoja aliyesahau hata jina la mume wake. Mama huyo alikufa mwaka 1906. Daktari akautazama ubongo wake kwa darubini, akaona umenyauka na kujaa uchafu uliogandamana. Ugonjwa huu huja polepole, kwa miaka. Humchanganya mtu mchana na usiku, hata akaamka na kutembea gizani. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Lakini usikate tamaa upesi, kwa maana si kila asahauye ana ugonjwa huo. Malaria ikipanda kichwani huharibu akili. Shinikizo la damu huziba au kupasua mishipa ya ubongo. Sukari ikishuka katika damu, kaswende ya siku nyingi, virusi vya ukimwi, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o: vyote vyaweza kufika ubongoni, na vyote vina matibabu. Mzee akianguka au akigongwa na pikipiki, damu yaweza kukusanyika polepole juu ya ubongo, na usahaulifu ukaja wiki kadhaa baadaye, watu wamekwisha kusahau ajali yenyewe. Na mlevi wa pombe kali asiyekula vema hukosa vitamini B1, hata asiweze kushika mambo mapya. Mara nyingine huyu hujaza pengo kwa hadithi: atakuambia jana alikuwa Mahagi, kumbe alikuwa kitandani. Yeye mwenyewe anaamini.

Sasa tuwarudie wale majirani, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mzima wa afya nayo hupotoka. Mwaka 1974 huko Marekani wanafunzi walionyeshwa filamu ya magari yaliyogongana. Wengine waliulizwa mwendo wa magari yalipogongana, wengine yalipopondana. Baada ya wiki moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika 50 waliosikia neno la kugongana, 7 walisema ndiyo. Katika 50 waliosikia neno la kupondana, 16 walisema ndiyo. Katika filamu hakukuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Neno moja la muulizaji lilitosha kuzaa vioo.

Basi fikiri mtaani kwako. Mtoto wa jirani amekufa kwa homa. Mtu mmoja aliuliza, "Hamkumwona yule mzee usiku ule?" Baada ya siku tatu watu watano wanakumbuka walimwona. Si waongo wote. Kila tunapokumbuka, twaijenga habari upya, na maneno ya matangani huingia ndani yake kama mchanga katika unga. Na mzee mwenyewe, akipigiwa kelele na umati, atajiteteaje naye hajui usiku ule alikuwa wapi? Huenda akakubali lolote.

Hayo si maneno matupu katika nchi yetu. Mwaka 2001, mwezi wa 6, katika eneo la Aru, kaskazini mwa Bunia, mamia ya watu waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Aliyeuawa hawezi tena kupimwa damu.

Kwa hiyo wajibu majirani ukiwa na mama yako mkononi: "Ni mgonjwa, nampeleka hospitali." Usimfungie chumbani, wala usimpeleke kwa mtu wa kumpiga au kumnyima chakula ili akili irudi. Kama usahaulifu ulianza ghafula, au pamoja na homa, kichwa kuuma, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, njoo leo hii. Kama ulikuja polepole, njoo naye asubuhi moja. Aje pia yule anayelala naye nyumba moja, kwa kuwa mzee hataweza kutujibu. Tutauliza ulianza lini, kama alianguka, anakunywa nini. Leta dawa zote anazomeza, pamoja na zile za sokoni na za mizizi; hatutakugombeza.

Nyumbani funga kitasa cha mlango mahali asipopazoea, na uache taa ndogo usiku. Akiuliza mara ya kumi kama mtoto amekwenda shuleni, kwake ni mara ya kwanza. Mwambie tu kwamba amekwenda.