Arawet, Asis na Wimbi: Kalenda ya Ibada Katika Uwanda wa Uasin Gishu

Katika uwanda wa Uasin Gishu nchini Kenya, ambako kituo cha Plateau kimekaa kwenye njia ya kutoka Eldoret kwenda Kaptagat, ibada ya asili ya Wakalenjin haikuwa na jengo wala kitabu. Ilikuwa na jua, mwezi, mvua na wimbi, yaani ulezi. Mungu aliitwa Asis, na jua, ambalo ndilo alama yake, likaitwa asista. Mzee aliamka alfajiri, akatoka nje, akaelekeza uso mashariki, akatema mate jua linakochomoza na kuomba uzima, watoto na maziwa. Mate hayo yalikuwa baraka, na hadi leo mzee wa Wanandi, moja ya jamii za Wakalenjin, anayemtemea mtoto mate kidogo kiganjani hamtusi. Upande huo huo wa mashariki wa nyumba ndiko kulikosimama mabwaita, madhabahu ya familia iliyofungwa kwa matawi ya mimea maalumu. Jambo la jamii nzima lilipelekwa Kapkoros, mahali pa ibada ya wote, ambapo moto uliwashwa ili moshi wake upande pamoja na sala.

Sala hizo zilikuwa na majira yake. Kwa Wanandi neno arawet ni mwezi wa angani na pia ni mwezi wa siku, kama Kiswahili kinavyotumia neno moja kwa vyote viwili. Mwaka, yaani kenyit, ulianza Februari na ulikuwa na misimu miwili: iwotet ya mvua na keme ya kiangazi. Hollis, afisa wa utawala wa Kiingereza aliyechapisha kitabu *The Nandi* mwaka 1909, aliandika majina ya miezi yote 12, na majina hayo ukiyafuata unaliona shamba. Kiptamo, yaani Februari, ni joto la mashambani. Ng'ei, mwezi wa Mei, ni njaa inayousukuma moyo kando, kwa kuwa ghala limekwisha na wimbi lililopandwa bado ni majani tu. Juni ni Robtui, mvua nyeusi. Julai ni Puret, ukungu, na mtu aliyewahi kungoja matatu Plateau saa kumi na mbili asubuhi ya Julai hahitaji kuelezwa kwa nini. Septemba na Oktoba ni Kipsunde ya kwanza na ya pili, miezi ya kumtolea Mungu sadaka shambani.

Miezi 12 ya kuandama hufanya siku 354 hivi, pungufu kwa siku 11 kuliko mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka masika na kiangazi. Majina ya Kinandi hayana nafasi ya kuzunguka hivyo, kwani mwezi unaoitwa mvua nyeusi hauwezi kuangukia katikati ya vumbi. Kuwa na hesabu mbili kwa pamoja, ya mwezi na ya jua, si ajabu katika Afrika Mashariki. Makunduchi, Unguja, watu wale wale wanaofunga kwa mwezi mwandamo huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai kwa hesabu ya jua.

Ibada ya Kipsunde, kama ilivyoandikwa zama za Hollis, ilianzia mikononi mwa wanawake. Wimbi lilipokaribia kukomaa, mwenye shamba aliingia na binti zake, wakawasha moto wa matawi, mojawapo likiwa labotwet, mmea ambao Waswahili huuita ndulele. Walichuma masuke machache. Punje moja ilitiwa kwenye mkufu, nyingine ikatafunwa na kupakwa kwenye paji la uso, kooni na kifuani. Hawakuonyesha furaha. Walikata kikapu kimoja kwa huzuni, wakakipeleka nyumbani na kulianika wimbi hilo darini, juu ya moto. Dari lilikuwa la fito zilizosukwa, hivyo punje zilipenya na kuanguka motoni, zikapasuka kwa mlio. Hakuna aliyezizuia, kwa sababu mlio huo ulikuwa ishara kwamba waliokufa wameridhika. Siku chache baadaye ulipikwa uji wa wimbi jipya, ukaliwa jioni kwa maziwa. Kila mtu alipaka kidogo ukutani na kwenye paa, akatema kidogo kuelekea mashariki, kisha baba mwenye nyumba akashika wimbi mkononi na kuomba.

Mwezi nao ulikuwa na fundisho lake. Masimulizi ya Kinandi yanasema kwamba hapo kale alikuja mbwa, akawaambia watu watakufa kama mwezi unavyokufa, ila hawatarudi kama mwezi unavyorudi, mpaka wampe maziwa kwenye kibuyu chao na pombe kwa mrija wao. Watu walimcheka, wakammiminia kinywaji juu ya kigoda alambe. Mbwa akaondoka na hasira, na tangu hapo mwezi peke yake ndio unaofufuka. Katika kisa hiki kifo hakikuletwa na shetani wala na tunda. Kimeletwa na dharau, na kila mwezi unapoandama magharibi baada ya usiku wa giza, kosa lile linakumbushwa.

Kalenda hii haikufa kwa kushindwa katika hoja. Ilivunjwa. Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiibada, wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Makaburu waliingia uwandani mwaka 1908, ardhi ikagawanywa mashamba ya walowezi, na Wanandi na Wakeiyo wengi wakarudi hapo kama maskwota. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku saget ab eito, sadaka ya ng'ombe ya kukabidhiana uongozi kati ya marika, ikamkamata orkoiyot Barsirian arap Manyei na kumweka kizuizini kwa takriban miaka 40. Misheni zikaifanya Jumapili kuwa siku ya sala. Lakini pigo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni la mbegu. Mahindi yalikuwa tayari yametanda uwandani pamoja na ngano, na mbegu chotara kutoka kituo cha utafiti cha Kitale, iliyoanza kutolewa mwaka 1964, ikamaliza kazi. Wimbi likabaki la uji wa watoto, la kununuliwa sokoni kwa kilo. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, hivyo Kipsunde ya kwanza inapofika, mahindi bado yamesimama shambani. Na nyumba ya mabati haina dari la fito la kudondosha punje motoni.

Hata hivyo, kalenda imebaki mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuifuta, nayo ni kwenye majina. Rejista ya shule yoyote ya Uasin Gishu ni orodha ya majira. Kiprop na Cherop walizaliwa mvua ikinyesha. Kipkemei na Chepkemei ni watoto wa keme. Kipkoech alizaliwa kunapambazuka, Kibet mchana, Kiplagat jua likizama. Mchungaji anayehubiri dhidi ya mila huenda naye anaitwa Kiprotich, aliyezaliwa ng'ombe wakirudi zizini. Sinendet nayo, mmea utambaao wa ibada za kale, bado huvishwa shingoni wanariadha wanaporudi Eldoret na medali, wakipewa mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 32, kwa hiyo sheria haimzuii mtu kusimika mabwaita uani kwake. Kizuizi kikubwa zaidi ni kwamba sadaka ya Kipsunde ni ya kile kilichooteshwa na anayeitoa, na wimbi la dukani halina mwezi. Anayetaka kurudi anaanzia Machi au Aprili, mvua za kwanza zinapoanguka, kwa kutenga kipande cha shamba kando ya mahindi na kumwaga wimbi. Mei atapalilia, kazi ya kuinama ambayo mahindi yamewasahaulisha wengi. Agosti atafukuza ndege. Septemba, masuke yakigeuka rangi ya udongo, ataingia shambani na binti zake.