Notos: upepo wa Wagiriki na mvua ya Juba

Wafanyabiashara wa Kigiriki walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufungua maduka na maghala Juba, mji mkuu wa Sudani Kusini ya leo, ulipoanza kukua chini ya utawala wa Waingereza miaka ya 1920. Baadhi ya majengo yao yamedumu, na mojawapo lilikuja kugeuzwa mkahawa uitwao Notos.

Katika Kigiriki cha kale, Notos ni upepo wa kusini. Mshairi Hesiodos anamtaja kuwa mwana wa Eos, mungu wa alfajiri, na ndugu wa Boreas, upepo wa kaskazini. Neno hili lina undugu na notis, yaani unyevu. Ndiyo maana kwenye Mnara wa Upepo jijini Athens, uliojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Notos amechongwa akimimina maji kutoka mtungini. Kwa mabaharia wa Kigiriki, upepo huo ukivuma, mawingu hayako mbali.

Baadaye jina la upepo likawa jina la upande unakotokea. Kwa Waswahili hilo si geni: kusi ndio uliotupa kusini, na kaskazi ukatupa kaskazini. Waarabu wa kale nao waliita janub upande na upepo wake. Basi nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 ni Sudani Kusini kwetu, Junub Sudan kwa watu wa Juba, na Notio Soudan kwa Wagiriki. Lugha zote tatu zinauficha upepo ndani ya jina hilo.

Na Juba inaujua upepo huo. Kuanzia Novemba hadi Machi hutawala upepo mkavu wa kaskazini. Nyasi hukauka na vumbi hutanda hadi ndani ya vibanda vya soko la Konyo Konyo. Ifikapo Aprili, hewa yenye unyevu hupanda kutoka kusini na mvua huanza, hadi Oktoba. Kusini ndiko unakotoka pia mto Nile, na ndiko yanakotoka malori ya Uganda na Kenya, yakipita barabara ya kilomita 192 kutoka Nimule.

Kwa miaka mingi jina "Kusini" lilisomwa kutokea Khartoum, mji mkuu wa Sudani: pembezoni, mbali na serikali. Jina Notos linalisoma kwa namna nyingine. Kusini ni kule mvua inakotoka, na mkulima wa mtama anayesubiri Aprili hana haja ya Mgiriki kumweleza hilo.