Jibu Limo Kifunguni

Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE nchini Kenya, ufahamu hubeba alama 15 kati ya 80. Mara nyingi anayezipoteza ni yule anayejua mengi mno. Tuseme kifungu kinaeleza kwamba mvua zilichelewa, malisho yakakauka, wafugaji wakauza mbuzi kwa bei ya kutupa. Swali: kwa nini mbuzi waliuzwa? Jibu ni kukauka kwa malisho. Mtahiniwa anayeandika kuhusu ukataji wa miti huenda anasema kweli, lakini ukweli huo haumo kifunguni, basi haumpi alama. Heri asome maswali kwanza, arudi kwenye aya husika, kisha aangalie alama zilizotengwa: swali la alama mbili kwa kawaida hudai hoja mbili.

Wapo wanaolalamika kwamba mtindo huu wa kutafuta jibu kifunguni huwafanya wanafunzi kuwa kasuku. Lalamiko hilo lina uzito pale kunakili sentensi nzima kunapotosheleza kuwa jibu. Kosa hapo ni la mtunga swali. Hata hivyo, kutenganisha kilichoandikwa na tunachodhania kunahitaji akili tulivu, na hakimu anayepima ushahidi huitegemea kila siku.