AHADI NI DENI: MBONA UPEPO WA BURE UNALETA BILI?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, nami mwaka huu nimeamua kuuliza jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulinung'unikia tu. Upepo wa Marsabit hauuzwi dukani. Jua la Garissa halina mwenyewe. Mvuke wa Olkaria unatoka ardhini bila kusukumwa na mtu. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaozalishwa nchini Kenya hutoka katika vitu hivi pamoja na maji ya mito yetu. Sasa mbona stima ni ghali?

Kuna watakaosema ni wizi mtupu, na kuna watakaosema ni ushuru. Mimi nimesoma kidogo na kuuliza kidogo, na nimeona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika sheria na mikataba. Kwa kweli imo katika methali ambayo sote tuliikariri tukiwa shule ya msingi: ahadi ni deni.

Tulikotoka

Mnamo 1922 kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting Company. Mnamo 1983 jina likabadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting Company, ile tunayoiita Kenya Power siku hizi. Kwa miaka mingi biashara yote ya umeme ilikuwa kama duka moja kijijini: anayepika mandazi, anayebeba sinia na anayepokea pesa ni wa jamaa moja.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya tisini. Sheria ya Nguvu za Umeme ya 1997 ilitenganisha uzalishaji na usambazaji, ikaunda bodi ya kusimamia biashara hiyo, na kampuni za kibinafsi zikaanza kuuza umeme kwa jumla. Kisha mwaka wa 2000 ukaja na ukame mkali. Mabwawa ya Mto Tana yalipungua maji na stima ikagawanywa kwa zamu. Hapo wakubwa wetu walitambua kwamba anayetegemea mvua peke yake atalala gizani. Ikaja Sheria ya Kawi ya 2006, na baadaye Sheria ya Kawi ya 2019 ambayo ndiyo iliyochukua mahali pake.

Mikono minne

Ili tuelewane, hebu tuifuate stima kutoka inakozaliwa hadi kwenye swichi ya bweni.

Mkono wa kwanza ni wazalishaji. Mkubwa wao ni KenGen, ambayo asilimia 70 ya hisa zake ni za serikali. Kando yake kuna kampuni za kibinafsi zenye mitambo ya upepo, jua, mvuke na dizeli.

Mkono wa pili ni KETRACO, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka wa 2008 kujenga nyaya kubwa zinazovuka nchi juu ya minara ya chuma.

Mkono wa tatu ni Kenya Power. Hii hununua umeme kwa wazalishaji, ikausambaza mitaani na kutuuzia sisi. Sheria ya 2019 imefungua mlango ili wengine pia waombe leseni ya kusambaza na kuuza, lakini nyumba nyingi bado hununua kwa Kenya Power.

Mkono wa nne hauuzi hata yuniti moja. Huu ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, kwa ufupi EPRA. Kazi yake ni kama ya refa. Hutoa leseni, hukagua mikataba ya kununua umeme na huamua bei tutakayotozwa. Kenya Power haiwezi kuamka asubuhi moja ikapandisha bei kwa kupenda kwake. Sharti ipeleke maombi kwa EPRA, na wananchi waalikwe kutoa maoni kwanza.

Ng'ombe wa jirani

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Tuseme nyumbani kwenu mnahitaji maziwa. Jirani yuko tayari kuwauzia, lakini hana ng'ombe. Anaenda benki kukopa. Benki inamuuliza, "Una hakika gani maziwa yatanunuliwa?" Jirani anarudi kwa baba na kumwambia, "Mzee, niandikie hapa kwamba utachukua chupa kumi kila siku kwa miaka ishirini, na siku usiyochukua utalipa vilevile." Baba akitia sahihi, benki inatoa pesa, ng'ombe ananunuliwa na watoto wanapata maziwa.

Hakuna ubaya hapo. Bila ile sahihi hakuna ng'ombe. Lakini angalia shida inavyoweza kuingia. Watoto wakienda shule za bweni, chupa zinabaki na baba analipa. Kibuyu cha kuchukulia kikitoboka, maziwa yanamwagika na baba analipa. Nyasi ni za bure, naam, lakini ng'ombe alikopewa, na mkopo una riba. Ukinywa usinywe, deni liko palepale.

Ndivyo ilivyo kwa umeme wa upepo, jua na mvuke. Mtambo wa dizeli hugharimu kidogo kuujenga lakini hula mafuta kila siku. Mtambo wa upepo hauli chochote, ila kuujenga huhitaji mabilioni siku ya kwanza. Kwa hivyo bei tunayolipa si ya upepo. Tunalipa mkopo, na tunailipa ahadi.

Yaliyotokea Loiyangalani

Huu si mfano wa kubuni tu. Karibu na Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo. Kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, na ukizidisha utapata kama megawati 310. Mitambo hiyo ilikuwa imesimama tayari mapema mwaka wa 2017. Upepo ulivuma kama kawaida yake. Tatizo ni kwamba waya wa kuupeleka umeme hadi Suswa, safari ya zaidi ya kilomita 400, haukuwa tayari. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ya kuujenga ilifilisika, ikabidi watafutwe wengine. Umeme haukuingia kwenye gridi ya taifa hadi Septemba 2018.

Je, nani alilipia muda huo wote? Mkataba ulikuwa umeandikwa kwamba waya ni jukumu la upande wa serikali. Mwenye mitambo alikuwa ametimiza ahadi yake. Basi Kenya ikalipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja. Kibuyu kilikuwa kimetoboka, na baba akalipa maziwa.

Haki lakini isemwe. Tangu upepo huo uunganishwe, mitambo ya dizeli imepumzika sana, na nchi imeepuka kuchoma mafuta mengi ya kuagizwa kutoka nje. Silaumu upepo, wala sisemi tusingejenga. Ninalosema ni kwamba anayeandika ahadi ndiye anayeamua nani ataumia mambo yakiharibika, na mara nyingi anayeumia hakuwapo wakati wa kuandika.

Karatasi ya tokeni

Mjomba wangu ni kinyozi katika soko moja dogo. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda hununua tokeni ya shilingi mia moja, akaingiza zile tarakimu ishirini kwenye mita. Likizo iliyopita alinionyesha ujumbe wa tokeni kwenye simu akaniuliza, "Wewe msomi, hebu niambie, hizi zingine ni za nini?"

Tuliketi tukazipitia moja moja. Kuna bei ya umeme wenyewe, na humo ndimo ile mikataba inamolipiwa. Kuna gharama ya mafuta ya mitambo ya dizeli, ambayo hubadilika kila mwezi. Kuna nyongeza ya fedha za kigeni, kwa sababu mikopo na mikataba mingi ni ya dola au yuro, kwa hivyo shilingi ikianguka, kinyozi wa sokoni anaisikia. Kuna nyongeza ya mfumuko wa bei. Kuna tozo ya EPRA na tozo ya maji. Kuna asilimia 5 ya kupeleka umeme mashambani. Mwisho kuna ushuru wa ziada ya thamani, VAT, wa asilimia 16.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mimi nalipa deni la dola na sijawahi kuishika dola." Sikuwa na la kuongeza.

Wanaotumia kidogo nyumbani wamefikiriwa. Kwa bei zilizotangazwa mwaka wa 2023, nyumba isiyotumia zaidi ya yuniti 30 kwa mwezi ilipangiwa bei ya chini kuliko nyumba zinazotumia zaidi. Huo ni uamuzi wa refa, na ni mzuri.

Jambo lingine la kushangaza ni la saa. Watu wengi huwasha stima jioni, kati ya saa moja na saa tatu hivi. Mwaka wa 2025 matumizi ya jioni yalipita megawati 2,300. Ifikapo usiku wa manane watu wamelala, lakini mvuke wa Olkaria haulali. Mwingine hulazimika kuachiliwa hewani. Yaani jioni tunaita dizeli ije itusaidie, na usiku tunamwaga mvuke.

Sheria inajaribu kurekebisha nini?

Zamani, kuanzia 2008, serikali ilikuwa na sera ya bei maalumu: ukileta umeme wa upepo, na baadaye wa jua, bei yako imekwisha kuandikwa ukutani. Ilivutia wengi wakati ambapo hakuna aliyetaka kuja. Baadaye gharama ya mitambo ya jua ikashuka sana duniani, na bei ya ukutani ikaonekana kubwa. Ndiyo maana sera ya 2021 ikasema kwamba umeme wa upepo na jua ununuliwe kwa mnada, majirani washindane nani atauza maziwa kwa bei nafuu. Mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo la kuchunguza mikataba, na Januari 2022 bei ikapunguzwa kwa asilimia 15. Nafuu hiyo haikudumu. Bei mpya za 2023 zilipanda tena, kwa maana mikataba ya zamani ingali hai, na ahadi haifutwi kwa hotuba.

Kuna mambo mawili katika Sheria ya 2019 ambayo yanatuhusu zaidi. La kwanza ni mrabaha wa jotoardhi. Kampuni inayochimba mvuke hutakiwa kulipa sehemu ya thamani yake, na pesa hizo zigawanywe hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya mahali pale. Tano si nyingi, lakini imeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa.

La pili ni ruhusa ya mteja mwenye mtambo wake, usiozidi megawati 1, kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi. Kanuni zake zilitoka mwaka wa 2024. Ukipeleka yuniti 10 unahesabiwa 5, kwa sababu nyaya utakazozitumia usiku zina gharama ya kutunzwa. Wengine wanalalamika kwamba nusu ni kidogo. Lakini hebu fikirieni paa za shule za Kenya. Mwezi Aprili, Agosti na Desemba tunafunga shule na kwenda nyumbani. Jua haliendi likizo. Shule yenye paneli juu ya mabweni inaweza kuweka akiba wakati madarasa ni matupu, na bili ya umeme, ambayo wazazi wetu huilipa ndani ya karo, ikapungua.

Tufanyeje?

Sikuandika haya ili tuichukie Kenya Power wala ili tukatae mitambo ya upepo. Nimeandika kwa sababu mikataba mingi ya umeme huwa ya miaka ishirini au zaidi. Atakayelipa mwaka wa ishirini si waziri aliyekuwa ofisini siku ya sahihi. Ni mimi na wewe, tukiwa watu wazima wenye vibanda, mashine za kusaga na watoto wa kusomesha. Tungali darasani, na tayari tuna deni.

Kwa hivyo, wenzangu, nina maombi matatu. Tujifunze kusoma ujumbe wa tokeni mstari kwa mstari. EPRA ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bei, tuwahimize wazazi na walimu waende au waandike, maana asiyesema husemewa. Na nyinyi mnaopenda uanasheria na uhandisi, msiyaache masomo haya mawili yakae mbalimbali. Nchi hii ina wahandisi wa kutosha kusimamisha mitambo 365 katika nyanda kavu za Marsabit. Inahitaji pia watu wa kuuliza, kabla ya wino kumwagwa: waya ukichelewa, nani atalipa?

Shime, tuulize mapema. Alamsiki.