Dalia na mvua za Gitega: kiazi kinapokosa pumzi

Mwezi wa Novemba mama mmoja, jirani yangu wa zamani kule Muyinga, alinionyesha kiazi cha dalia alichokifukua muda huohuo. Alikibonyeza kwa dole gumba kikapasuka kama nyanya iliyooza, maji ya kahawia yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kilinuka kama ndizi zilizosahauliwa shimoni. "Mwanangu, mvua imenimalizia maua," akasema. Nilimpa pole, nikanyamaza, kwa sababu mkubwa hajibiwi akiwa na uchungu. Lakini sikuamini kwamba mvua ndiyo yenye kosa.

Msomaji wa pwani asichanganyikiwe na jina. Kwake dalia ni ule unga wa manjano wanaojipaka akina mama. Hapa nazungumzia ua: shina la kufika kifuani au zaidi, petali zimepangana duara kwa duara, rangi kuanzia njano hadi zambarau iliyokolea, na ua lenyewe katika aina nyingine hushinda sahani kwa upana. Mbegu zake zilifika Madrid kutoka Meksiko mwaka 1789, na mwaka 1791 padri na mtaalamu wa mimea wa Hispania, Antonio José Cavanilles, akaupa mmea huo jina la kumkumbuka Anders Dahl, mwanasayansi wa Uswidi aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Dahl mwenyewe hakuwahi kuupanda mmea huo.

Kwao Meksiko, ambako tangu 1963 ni ua la taifa, dalia huota porini kwenye miteremko ya milima, mara nyingi kati ya mita 1,500 na 3,000 juu ya usawa wa bahari. Huchipuka mvua zinapoanza, huchanua mvua zikiendelea, na hukauka juu ya ardhi kiangazi kinapoingia, kiazi kikabaki chini kimelala. Sasa linganisha na kwetu Burundi. Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi. Muyinga, ambayo katika mgawanyo mpya wa mikoa imeingia Buhumuza, iko juu zaidi. Mvua za Agatasi huanza Septemba au Oktoba, zile nzito hushuka Machi na Aprili, kisha Ici inatukausha kuanzia Juni hadi Agosti. Mmea huu ni wa milimani na wa masika. Ukifa kwenye mvua, kuna kitu kingine kimeuua.

Kitu hicho ni kukosa hewa. Udongo mzuri una vitundu vingi kati ya chembe na chembe, na humo ndimo hewa inamopita. Kiazi cha dalia ni kiungo hai, kinapumua usiku na mchana: kinachukua oksijeni, kinachoma akiba yake ya chakula, kinapata nguvu ya kutoa chipukizi. Maji yakijaa kwenye vitundu hivyo hewa inafungiwa nje, maana oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosambaa hewani. Ile kidogo iliyobaki humalizwa na mizizi pamoja na vijidudu vya udongoni, na katika udongo wenye joto haichukui siku nyingi.

Kiazi kikikosa oksijeni hakifi papo hapo. Hubadilisha njia, kikaanza kuchachusha sukari yake kama tunavyochachusha ndizi tunapotengeneza urwarwa. Anayejua kutengeneza urwarwa anajua kwamba chombo hufunikwa vizuri. Hewa ikizuiwa, sukari hugeuka pombe. Ndivyo ilivyo chini ya udongo uliozama. Tatizo ni kwamba njia hii huambulia chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo sukari ileile ingetoa kama hewa ingekuwepo. Akiba inateketea, taka zinajazana, kuta za seli zinaanza kuvuja. Sukari inayovuja ndiyo mwaliko wa wageni.

Wageni wenyewe, Pythium na Phytophthora, huogelea. Vimelea hivi vinafanana na ukungu lakini si ukungu. Kwa ukoo viko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Mbegu zao zina mikia miwili, na katika maji yaliyotuama huifuata harufu ya mzizi unaovuja mpaka kuufikia. Mkulima wa viazi mviringo anaijua familia hii vizuri: mildiu inayochoma majani ya viazi vyake inaletwa na Phytophthora infestans, yule yule aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Udongo ukipitisha maji, mwogeleaji huyu hana pa kuogelea.

Hapa ndipo ninapowashangaa watu wangu. Mama yuleyule anayelia na dalia zake, mpeleke bondeni apande viazi vitamu: atainua matuta ya kufika magotini bila kuambiwa na bwana shamba yeyote, kwa sababu anajua kiazi hakitaki kulala majini. Na dalia ni kiazi cha namna hiyohiyo, mzizi ulionenepa. Lakini akirudi nyumbani anachimba shimo bapa karibu na ukuta, chini ya upenu, anaitumbukiza humo dalia na kuimwagia ndoo ya maji. Tupige hesabu. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 30 alasiri moja hukusanya lita 1,200. Paa likiwa na pande mbili, lita 600 zinaangukia mstari mmoja mwembamba, na dalia imesimama papo hapo.

Udongo wetu mwekundu wa vilimani si mbaya. Usipokanyagwa, huvunjika chembechembe na kupitisha maji vizuri. Udongo wa uani, hata hivyo, umekanyagwa na watoto, mbuzi na wageni wa miaka yote mpaka umekuwa kama sakafu. Kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Yakikauka mara ya pili ndani ya saa chache, panda. Yakikutwa bado yamo kesho yake asubuhi, sogea mahali pengine, au inua tuta la sentimita 30 lililochanganywa na mboji iliyoiva. Samadi mbichi iache kwa mahindi. Dalia iliyolishwa sana hutoa majani laini yanayoshika ugonjwa haraka.

Kosa la pili ni wakati. Kiazi kisicho na mizizi wala majani hakiwezi kunywa maji. Ukikizika uchi Oktoba, mvua ikinyesha wiki nzima, kinakaa tu ndani ya tope kikisubiri kuoza. Mimi ningekiamsha mwishoni mwa Ici, kwenye chungu au kopo lililotobolewa chini, barazani, kwenye udongo wenye unyevu kidogo tu, bila kumwagilia zaidi mpaka chipukizi lionekane. Mvua zikifika, mmea una mizizi na majani, nao wenyewe unakuwa pampu ya kuvuta maji kutoka ardhini.

Ukigawa viazi, angalia jicho. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima. Dalia hubeba macho yake shingoni tu, pale viazi vinapoungana na shina la zamani. Kipande kisicho na shingo, hata kiwe kinene kama mkono wa mtoto, kinaweza kukaa udongoni miezi kisitoe kitu. Tumia kisu safi, kisha acha kidonda kikauke kivulini siku moja au mbili. Majivu ya kuni yanasaidia kukausha.

Halafu kuna shina. Shina la dalia lina uwazi ndani kama mwanzi, na Waazteki wa Meksiko ya kale walilijua hilo. Jina lao la mmea huu, acocotli, linahusiana na bomba la maji. Unapokata maua katikati ya shina unaacha kikombe kilichoelekea mbinguni. Mvua inakijaza, maji yanaozesha shina kushuka chini, hadi kwenye shingo yenye macho. Nimeona tuta lililoinuliwa vizuri kabisa, lisilo na tone lililotuama, na mmea umekufa kutokea juu. Kata karibu kabisa juu ya kifundo cha jani, kikombe kiwe kifupi. Ukiufyeka mmea wote mwishoni mwa msimu, funika kisiki kwa kipande cha nailoni.

Mengine ni ya kawaida. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya mmea na mmea ili upepo ukaushe majani. Mti wa mkalitusi na kamba ya mgomba vitashikilia shina, kwa sababu ua lililolowa ni zito na huvunja shingo yake lenyewe. Maua yaliyochoka yaondoe kabla hayajaota ukungu wa kijivu. Na usishangae maua yakionyesha kiini cha njano katikati badala ya kujaa petali: siku zetu, karibu na ikweta, hukaribia saa 12 mwaka mzima, na dalia ikiona siku fupi huelekeza chakula kwenye kiazi.

Ukurasa huu ni wa afya pia, kwa hiyo turudi kwenye maji yaliyotuama. Maji yanayoua dalia ndiyo yanayolea mbu. Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria katika eneo letu, hupenda madimbwi madogo, mafupi kwa kina, yenye jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, na hilo shimo bapa la maua. Kutoka yai hadi mbu kamili hutosha wiki moja au mbili, baridi ya milimani ikiongeza siku kidogo. Serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria mwezi wa Machi 2017, na miongoni mwa waliougua wakati huo walikuwemo watu wa vilimani, ambako wazee walizoea kusema mbu ni wa tambarare ya Imbo. Mfereji unaoondoa maji kwenye tuta unafanya kazi mbili.

Kuhusu dawa, tahadhari. Wengi huchota mankozebu ya viazi na kuipulizia maua, bila glavu, hatua mbili kutoka kwenye mboga za lengalenga za chakula cha mchana. Umoja wa Ulaya uliondoa dawa hiyo sokoni kwake baada ya uamuzi wa mwaka 2020, kwa sababu ya hatari zake kwa uzazi na homoni. Tena haitibu kiazi kilichokosa hewa. Ni pesa iliyotupwa na afya iliyowekwa rehani.

Kiazi chenyewe, kwa kushangaza, kina historia hospitalini. Hakikuhifadhi wanga kama wa muhogo, kimehifadhi inulini, ambayo tumbo letu haliwezi kuimeng'enya. Bakteria wa utumbo ndio wanaoila, na kutuachia gesi. Kabla ya insulini kuanza kutumika mwaka 1922, sukari iliyotokana na inulini ya dalia ilipewa wagonjwa wa kisukari. Baadaye madaktari waliidunga inulini kwenye mshipa kupima figo, kwa kuwa figo huichuja bila kuirudisha kwenye damu wala kuiongeza. Baadhi ya Wameksiko hula viazi hivi. Vile vya kununua kwa ajili ya bustani huenda vimepakwa dawa, kwa hiyo usivitie sufuriani.

Leo mvua ikikatika, kabla hujamlaumu Mungu wala mawingu, chukua jembe utoke nje. Tazama maji ya bati yanaangukia wapi, uyachimbie njia. Kisha chungulia ndani ya mashina uliyoyakata wiki iliyopita. Likiwepo lenye maji, likate upya karibu na kifundo.