Ardhi Isiyomfikia Mwenye Kuiweza
Rutuba, mvua na mikono yenye bidii havileti mavuno mema ikiwa kila kimoja kimekaa mbali na mwenzake. Na katika nchi nyingi zinazoendelea ufukara wa mkulima hautokani na uhaba wa rasilimali peke yake, bali pia na jinsi zilivyogawanywa.

Tuitazame Ethiopia. Mwaka 1975 serikali iliitwaa ardhi yote ya mashamba, ikawaondolea wakulima dhuluma ya makabaila, nalo lilikuwa jambo la insafu. Lakini ikaharimisha kuiuza, kuikodisha na kuiweka rehani, na ikaweka kikomo cha hekta 10 kwa kila kaya. Basi mkulima hodari mwenye maksai wa kulimia akabaki na kishamba kisichomtosha, na jirani yake asiye na maksai akashindwa kulima chake, wala sheria haikuwapa ruhusa ya kuafikiana. Katiba ya 1995 imebakiza marufuku ya kuuza, ingawa kukodisha kumeruhusiwa kwa masharti. Na hati za ardhi, zilizoanza kutolewa katika jimbo la Tigray mwaka 1998, zimewapa wengi, hususan wanawake wanaoongoza kaya, imani ya kukodisha bila khofu ya kunyang'anywa.

Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu mkulima kwa uvivu au ujahili, ni wajibu wetu kuzikagua sheria zinazomtenga na ardhi anayoiweza.